Mlo na Hulka ya Kenge wa Kufugwa: Mwongozo Kamili wa Kumlisha Atulie Bila Kuzubaa

Kenge anayerukia mkono kila mlango wa kizimba unapofunguliwa, na kenge anayelala siku nzima bila kujali nani kamshika, huonekana kama wanyama wawili wenye hulka tofauti kabisa. Mara nyingi tatizo lao ni lile lile: chakula. Wa kwanza amejifunza kwamba mkono huja na nyama. Wa pili amelishwa panya hadi mafuta yamemjaa tumboni, hana tena nguvu ya kukimbia, na mfugaji wake anamsifu mbele ya wageni kwamba ni mpole.

Huyo wa pili ndiye anayenisikitisha zaidi, maana hakuna anayemhurumia. Kenge mzima wa afya ana shughuli tele. Anachimba, anapanda, ananusa kila pembe kwa ulimi wenye ncha mbili, anakutazama machoni na kukufuatilia unavyotembea chumbani. Upole unaostahili kuitwa upole ni wa mnyama mwenye nguvu zake zote, anayeweza kukimbia au kung'ata, na akaona hakuna haja. Mlo peke yake hauwezi kumfikisha hapo, lakini mlo mbovu unatosha kabisa kumzuia asifike.

Hatua ya kwanza: jua unachokiona

Kabla ya kubadili chochote, mwangalie kwa wiki moja bila kumshika. Kila unachokiita ukali kina chanzo chake, na ukikosea chanzo utakosea dawa.

Kenge mwenye njaa huja kimya. Kichwa kimeinuka, shingo imenyooka, ulimi unatoka na kurudi haraka haraka, macho yamekaza kwenye kitu kimoja, na uzito wote wa mwili umeelekea mbele. Hapulizi, hajivimbishi. Wengi hufurahi kumwona hivyo, wakidhani amekuja kuwasalimu. Ng'ato la namna hii ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa anang'ata ili ashike, atikise na ameze. Hakuachii kwa kuwa hajui kwamba kashika mtu.

Kenge mwenye hofu ni kinyume chake. Anajivimbisha, anakugeuzia ubavu aonekane mkubwa, anakunja mkia tayari kuchapa, na anapuliza kwa sauti ndefu. Huyu anataka uondoke tu. Ukirudi nyuma hatua mbili, unamwona anapungua kama mfuko uliofunguliwa hewa.

Hapa kuna kitu kinachowachanganya wengi. Kenge anayetembea sana au aliyetoka kupanda huonekana akipanua na kubana koo mfululizo. Hiyo ni pumzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa kenge hutumia koo kama pampu ya kusukuma hewa mapafuni anapokuwa kwenye mwendo. Basi tazama mwili mzima: koo linalocheza huku mwili umelegea na macho yametulia ni kupumua, koo lililojaa na kubaki limejaa, pamoja na ubavu uliogeuzwa, ni onyo.

Wa tatu ni mwenye maumivu. Huyu alikuwa mtulivu kwa miezi, kisha ghafla anageuka na kung'ata ukimgusa mguu, taya au mgongo. Wa nne ni yule mnene aliyezubaa, ambaye tumeshamtaja na tutamrudia.

Hatua ya pili: lisha aina uliyonayo

Kenge ni zaidi ya aina 80, na hawali kitu kimoja. Varanus olivaceus wa Ufilipino hula matunda pamoja na konokono, jambo ambalo mtafiti Walter Auffenberg alilieleza kwa kina katika miaka ya 1980. Kenge wa Komodo huangusha kulungu na nguruwe. Kati ya hao wawili kuna kila namna ya mlaji, na kosa kubwa la wafugaji ni kuwapa wote panya.

Anayeumia zaidi kwa kosa hili ni kenge wa savana, Varanus exanthematicus, ambaye pengine ndiye anayefugwa kwa wingi kuliko wote. Daniel Bennett, aliyewachunguza porini nchini Ghana, aliwakuta wadogo wakila hasa nyenje. Wakubwa nao huishi kwa jongoo, mbawakawa, panzi, nge na konokono. Huyu ni mla wadudu aliyepewa mwili mkubwa. Ukimlisha panya kila wiki unampa mafuta ambayo mwili wake haukuumbwa kuyashughulikia, na matokeo yake ni ini lenye mafuta na umri mfupi.

Kenge maji wa Asia, Varanus salvator, na kenge wa Mto Naili, Varanus niloticus, ni walaji wa mchanganyiko: kaa, samaki, konokono, mayai, wadudu, panya, ndege, hata mizoga. Wanavumilia nyama zaidi, ingawa wakiwa wadogo nao huanza na wadudu na viumbe vidogo vya majini. Kenge wadogo wa Australia kama Varanus acanthurus ni wala wadudu na mijusi midogo. Kenge koo-jeusi na koo-jeupe, wote wa jamii ya Varanus albigularis, hula wadudu na konokono kwa wingi, na panya kidogo.

Kama bado hujamchukua mnyama wako, hakikisha kwanza sheria ya mahali ulipo inaruhusu kumfuga. Kenge wote wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na baadhi yao, akiwemo wa Komodo, hawaruhusiwi kabisa katika biashara ya kawaida ya kimataifa.

Hatua ya tatu: joto na maji vitangulie chakula

Hatua hii huonekana haihusiani na mlo, na ndiyo inayovuruga mlo wa kenge wengi. Kenge hameng'enyi chakula kwa joto lake mwenyewe. Anayekaa kwenye kizimba cha vuguvugu anakula leo, chakula kinakaa tumboni, kinachacha, na kesho amejikunja kwenye kona akipuliza kila unapomkaribia. Unasema ni mkali, kumbe tumbo linamsumbua.

Sehemu ya kuota chini ya taa inahitaji uso wenye nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi kwa aina nyingi zinazofugwa. Namba hiyo huwatisha watu, ila ni joto la jiwe au ubao anaoukalia, si la hewa ya kizimba kizima. Upande wa baridi uwe kati ya 25 na 28, ili achague mwenyewe. Usipime kwa kukisia wala kwa kiganja. Tumia kipimajoto cha kuelekeza mwale, ukipime pale pale anapolaza tumbo. Taa ziwe nyingi za wati ndogo zilizopangwa kwa safu badala ya moja kali, maana moja humuunguza mgongo katikati huku kichwa na mkia vikibaki baridi.

Maji ni ya kuoga na kunywa, yabadilishwe kila siku, na chombo kiwe kikubwa cha kutosha ajitumbukize mwili mzima. Udongo wa kuchimba uwe na unyevu, kwa kuwa kenge wengi, hata wa nchi kavu, hujificha kwenye mashimo yenye hewa nzito ya unyevu. Kenge aliyekaukiwa maji na anayelishwa protini nyingi hushindwa kutoa asidi ya uriki. Asidi hiyo huganda kwenye figo na viungo, na hapo ndipo jongo huanza. Fikiria viungo vya miguu vilivyojaa chembe za namna hiyo, halafu mtu anakuja kukuinua kwa kukushika miguu. Ungeng'ata pia.

Hatua ya nne: panga mlo wenyewe

Msingi wa mlo kwa aina nyingi ndogo na za kati ni wadudu na viumbe wasio na uti wa mgongo: nyenje, mende wa kufugwa, panzi, nzige, konokono, nyungunyungu, kamba na kaa. Funza wa unga wana mafuta mengi, wawe kionjo tu. Mabuu wa nzi askari mweusi ni hazina, maana wana kalsiamu nyingi kiasili, tofauti na karibu wadudu wengine wote.

Hiyo kalsiamu ndiyo kiini cha habari. Nyenje na mende wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, ilhali mwili wa kenge unahitaji mlo wenye kalsiamu kama mara mbili ya fosforasi. Pengo lisipozibwa, mwili huanza kukopa kutoka kwenye mifupa. Dalili ya mapema huonekana kwenye hulka kabla ya kuonekana kwenye mifupa: vidole vinavyocheza vyenyewe, misuli inayotetema akiwa amepumzika, kushtuka kwa jambo dogo, kukataa kuguswa. Baadaye taya hulainika na miguu hupinda. Kenge wa hivyo akikung'ata anajilinda na maumivu ambayo hujui kama anayo.

Basi fanya mambo matatu. Walishe wadudu wenyewe vizuri kwa siku nzima kabla ya kuwatoa: majani mabichi, karoti, boga. Wapake unga wa kalsiamu karibu kila mlo kwa kenge anayekua, na mara chache zaidi kwa mkubwa, pamoja na unga wa vitamini mara moja kwa wiki au hivi. Kisha mwekee taa ya miale ya UVB, kwa kuwa miale hiyo huuwezesha mwili kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini D3 kalsiamu hupita tumboni bila kufyonzwa. Taa hizo huishiwa miale kabla hazijazimika, kwa hiyo badilisha kwa muda uliotajwa na mtengenezaji hata kama bado zinawaka.

Panya mzima aliyekufa ni chakula kamili kwa maana ya kalsiamu, kwa sababu ana mifupa. Tatizo lake ni mafuta. Kwa kenge wa savana aliyekomaa, mfanye kuwa kitu cha nadra. Kwa kenge maji aliyekomaa na mwenye nafasi ya kutosha ya kuogelea na kupanda, mlo mmoja wa panya au kifaranga kwa wiki, katikati ya samaki na wadudu, unavumilika. Vichanga wa panya wasiwe mlo wa kila siku kwa kenge yeyote, mifupa yao bado ni milaini.

Yai ni zuri, ila lina mtego. Ute mweupe mbichi una avidini, inayofunga vitamini ya biotini isitumike mwilini. Kenge anayelishwa mayai mabichi ya kuku mfululizo anaweza kuishia na udhaifu wa misuli na kutetemeka. Lichemshe, mtego umeondoka. Samaki nao wana wao: baadhi, wakiwemo wale wekundu wa mapambo, wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na kugandisha hakukiui. Dalili ni kupepesuka, kutetema na kung'ata hewani bila mpango. Badilisha aina za samaki, wala samaki wasiwe mlo wa peke yake. Maini yawe kidogo sana, kwa sababu vitamini A iliyomo ikizidi hudhuru.

Nyama tupu isiyo na mfupa haina kalsiamu ya maana. Chakula cha makopo cha paka na mbwa kimetengenezewa wanyama wengine, kiache kabisa. Wadudu wa kuokota nje wanaweza kuwa na dawa ya kuua wadudu. Kimulimuli ana sumu inayoua mijusi, na chura wengine wamewaua kenge wakubwa porini huko Australia. Vyote viwili visikaribie kizimba.

Kuna imani kwamba kenge akionja damu au akipewa mnyama hai anageuka mkatili. Ladha ya damu haibadili hulka. Mimi nakataa mawindo hai ya panya kwa sababu nyingine: panya hai hung'ata na kuchakura, na kenge aliyewahi kujeruhiwa usoni hukiendea chakula kwa pupa na wasiwasi, akirukia chochote kinachotikisika. Mpe aliyekwisha kufa, aliyeyeyushwa na kupashwa kwa maji ya vuguvugu. Wadudu hai hawana shida hiyo, na kuwakimbiza ni mazoezi mazuri.

Hatua ya tano: ratiba na mizani

Kenge mchanga ale kila siku. Anayekua, siku nne au tano kwa wiki. Mkubwa anayekula wadudu, mara mbili hadi tatu kwa wiki. Mkubwa anayekula mlo mzito wa nyama, mara moja kwa wiki inatosha.

Milo midogo ya mara kwa mara hulainisha tabia kuliko mlo mkubwa wa nadra. Kenge anayeshindiliwa panya watatu kila Jumapili hukaa siku sita akisubiri, na kufika Ijumaa kila kivuli kinachopita mbele ya kioo kimekuwa panya. Gawa kiasi hicho hicho katika siku tatu na utaona tofauti. Wala usimwachishe chakula ili awe mnyenyekevu. Njaa humfundisha kenge kuwahi, haimfundishi kukuamini.

Mpime kwa mizani kila baada ya wiki mbili, uandike. Namba peke yake haitoshi, tazama na mwili. Kenge mwenye afya ana shina la mkia lililojaa bila kuvimba, tumbo lisiloburura chini anapotembea, na shingo isiyo na mikunjo ya mafuta. Mkia uliochongoka na mifupa ya nyonga iliyochomoza ni njaa au minyoo. Unapompigia picha kutoka juu kila mwezi, mahali pale pale, unaona mabadiliko ambayo jicho la kila siku halioni.

Hatua ya sita: tenganisha mkono na chakula

Hapa ndipo chakula kinapoingia moja kwa moja kwenye hulka, na hapa ningekaa siku nzima kama nafasi ingeruhusu.

Wapo wanaosema kenge hasikii mpaka aone damu. Anasikia vizuri sana, ila anasikia unachomfundisha, hata usichokusudia. Mwaka 2008 watafiti walichapisha jaribio walilofanya kwa kenge wachanga wanane wa koo-jeusi. Kila mmoja alipewa mrija wenye milango ya bawaba na panya ndani. Wote wanane waliufungua ndani ya dakika 10 katika jaribio la kwanza, na la pili wakafanya haraka zaidi. Mnyama wa namna hiyo hashindwi kugundua kwamba kila mlango unapofunguka kinakuja chakula.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kufungua mlango mara nyingi bila kulisha. Badilisha maji, okota uchafu, weka jani jipya, funga. Kanuni ya pili: nawa mikono kabla ya kumshika, hasa kama ulishika panya, kuku au mnyama mwingine yeyote. Kenge husoma dunia kwa harufu, na mkono unaonuka panya kwake ni panya. Nawa tena baada ya hapo, kwa ajili ya bakteria wa salmonela, na usitumie sinki la kuandalia chakula.

Kanuni ya tatu ni kibano kirefu au bakuli, kamwe si vidole. Ncha ya kibano iwe imefunikwa kwa mpira au mbao, asijivunje meno.

Kisha mfundishe shabaha. Chukua fimbo nyepesi yenye mpira wa rangi moja mwishoni, rangi ambayo haipo kwenye nguo zako wala kizimbani. Mwonyeshe mpira kwa umbali wa kichwa kimoja na usubiri. Mara ya kwanza atautazama tu. Ulimi ukiugusa, papo hapo mpe mdudu mmoja kwa kibano, upande ule ule wa mpira. Rudia mara chache, acha akiwa bado anataka. Akishauelewa, utamwona anageuza kichwa kutafuta mpira mara tu unapotokea, na macho yanahama kutoka kwenye mkono wako. Hicho ndicho unachokitaka. Sasa sogeza mpira hatua moja, kisha mbili, hadi aufuate mpaka kwenye kibao chake cha kulia. Chakula chote, kuanzia siku hiyo, kinapatikana kwenye kile kibao baada ya mpira. Pasipo mpira hakuna chakula, na mkono unaoingia bila mpira hauna maana yoyote kwake.

Ongeza ishara ya kinyume: siku ya kumshika, mguse bega taratibu kwa brashi laini kabla mkono haujaingia. Ulimi ukipungua mwendo na kichwa kikashuka, amekuelewa. Akibaki ameinua shingo, funga mlango, jaribu kesho.

Kuna wanaomhamishia kenge kwenye ndoo au sanduku ili ale huko, wakitumaini kizimba kisihusishwe na chakula. Siipendi njia hiyo. Inakulazimu kumshika akiwa na njaa, kisha kumshika tena akiwa ameshiba na mishipa bado imesisimka, yaani nyakati mbili mbaya kuliko zote. Shabaha inafanya kazi hiyo hiyo bila kumgusa.

Baada ya mlo mwache siku moja, na baada ya mlo mzito mbili. Tumbo lililojaa humfanya ajione hana mbio, kwa hiyo hupigana badala ya kukimbia, na anaweza kutapika.

Hatua ya saba: afanye kazi kupata chakula

Kenge wa porini hutumia sehemu kubwa ya siku yake kutafuta. Nguvu hiyo ikikosa pa kwenda huishia kwenye kukwaruza kioo hadi pua ikachubuka, au kwenye kumvamia anayefungua mlango. Mpe udongo wa kina anachoweza kuzamisha mwili mzima, uzike nyungunyungu na konokono humo. Tawanya mende chini ya majani na magome. Kata mrija wa plastiki, utoboe, weka nyenje ndani. Wakati mwingine weka harufu tu ya chakula kwenye gogo, aifuatilie. Kenge aliyechimba asubuhi nzima huwa na subira nyingine kabisa jioni.

Hatua ya nane: kumrudisha aliyenenepa

Usimkatie chakula ghafla. Mnyama mnene anayenyimwa huanza kuchoma mafuta yake kwa fujo, na ini lake, ambalo pengine tayari limeelemewa, linaweza kushindwa. Daktari wa wanyama anayewajua reptilia amwone kwanza, apime damu.

Punguza panya hatua kwa hatua huku ukiongeza wadudu. Wengi waliozoea panya huwapuuza nyenje; kuwapaka wadudu harufu ya panya aliyeyeyushwa husaidia, na joto sahihi la kuota husaidia zaidi. Mwongezee nafasi, magogo ya kupanda kwa mteremko mdogo, na udongo wa kuchimba. Kazi hii ni ya miezi mingi.

Sasa jiandae kwa jambo ambalo huwarudisha wafugaji wengi nyuma. Kenge huyu akianza kupungua, ataonekana amekuwa mkali. Atakimbia ukimkaribia, atapuliza, huenda akachapa mkia kwa mara ya kwanza tangu umjue. Watu hushtuka, wanadhani wadudu wamemharibu, wanarudi kwenye panya. Usirudi. Alichokipata ni nguvu ya kueleza alichokuwa akikihisi siku zote. Hakuwahi kuzoeshwa, alikuwa mzito tu. Anza naye sasa kama kenge mgeni: kaa karibu na kizimba bila kumgusa, mpe shabaha, acha aje mwenyewe. Mwezi atakaokanyaga kiganja chako kwa hiari, ukahisi kucha zikishika na ulimi ukipita kwenye kifundo cha mkono bila haraka, utajua tofauti ya hayo na ule uzembe wa zamani.

Lini chakula hakitoshi

Mpeleke kwa daktari bila kusubiri ukiona kutetema, taya laini au lililovimba, viungo vilivyofura, mate mazito mdomoni, kutapika kunakojirudia, au kung'ata kwa ghafla kwa mnyama aliyekuwa mtulivu. Peleka na daftari lako: alikula nini, lini, kiasi gani, joto lilikuwaje, uzito ulikwendaje. Akikung'ata wewe, usivute. Meno yamepinda kwenda nyuma na kuvuta ndiko kunakochana. Mtulize, msubiri aachie, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, umwone daktari, maana kidonda cha kenge huoza upesi.

Mwisho, jike mwenye mayai. Kenge jike anaweza kutengeneza mayai hata bila dume. Kwa kenge wa Komodo ilithibitishwa mwaka 2006 kwamba mayai hayo yanaweza hata kuanguliwa. Kwa hiyo jike anayeishi peke yake akianza kula kupita kawaida, kuchimba kila kona na kukataa kuguswa, usianze kumrekebisha tabia. Ongeza kalsiamu, mpe sanduku la udongo wenye unyevu na joto la nyuzi 28 hadi 30 ulio na kina cha kuchimbia shimo, na umwachie faragha. Anapokaribia kutaga ataacha kula. Akishataga atakuwa na njaa ambayo hujawahi kuiona kwake, na mkono wowote utakaoingia humo utakuwa hatarini. Mlishe kwa kibano, milo midogo yenye kalsiamu, kila siku kwa wiki mbili au tatu, na usimshike mpaka shina la mkia lijae tena.